Bibi Mpelelezi: Kwa Nini Michezo ya Mauaji Hutuburudisha?



Mwezi huu sitazungumzia malaria wala kisukari. Mama mmoja wa WAWATA, mtu mzima mwenye shinikizo la damu ambaye huja kliniki yetu kila mwezi, ameniuliza swali, nami nimeona halimhusu yeye peke yake. Jioni, wakishasali rozari na kula chakula, yeye na wajukuu zake hukaa mbele ya televisheni kutazama michezo ya upelelezi. Mtu anauawa, bibi mmoja mwenye mvi anauliza maswali, muuaji anapatikana, familia inakwenda kulala. Mama huyo alitaka kujua mambo mawili. Je, michezo hiyo ya mauaji haimpandishii shinikizo? Na je, Mkristo anayefurahia hadithi ya mtu kuuawa ana kasoro gani moyoni?

Swali la pili nilitaka kulipeleka kwa paroko. Lakini nilipolitafakari niliona kuwa linahusu wagonjwa na wafiwa, watu ambao sisi wauguzi tunaishi nao kila siku, kwa hiyo nitalijibu mwenyewe kadiri ninavyoweza.

HAKUNA DAMU, HAKUNA MATANGA

Kwanza tutofautishe. Ziko filamu za risasi na mapanga, damu inaruka, watu wanapiga mayowe, na muziki wake unakushitua kabla hata jambo lenyewe halijatokea. Mwili haujui kuwa ule ni mchezo tu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, misuli inakaza, na shinikizo linapanda kwa muda. Kijana mwenye afya hupata nafuu baada ya dakika chache. Kwa mgonjwa wa moyo hayo si mapumziko, na kwa mtoto mdogo ni mbegu ya ndoto mbaya usiku kucha. Filamu hizo sizitetei.

Michezo anayoipenda mama yetu ni ya aina nyingine. Unaojulikana kuliko yote ni wa Wamarekani, unaitwa "Murder, She Wrote". Ulionyeshwa na kituo cha CBS kuanzia Septemba 1984 hadi Mei 1996, vipindi 264. Mhusika wake mkuu ni Jessica Fletcher, mjane, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza na sasa anaandika vitabu vya upelelezi. Anaishi katika mji mdogo wa pwani uitwao Cabot Cove, jimbo la Maine. Hajui kuendesha gari. Anakwenda kwa baiskeli. Si polisi, hana bunduki, na hakuna anayemlipa kwa kutafuta wauaji. Aliyemwigiza ni Angela Lansbury, mzaliwa wa London, aliyekuwa na umri wa miaka 58 mchezo ulipoanza, umri ambao waigizaji wengi wa kike huwa wameshawekwa kando. Alifariki Oktoba 2022, siku tano kabla ya kutimiza miaka 97. Sisi wa Tanzania Bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994, Jessica akiwa karibu kumaliza kazi, kwa hiyo wengi wetu tumemfahamu kwa kuchelewa: kwa kanda za kuazimana, kwa madishi, na siku hizi wajukuu wanamleta ndani ya simu.

Sasa tazameni jinsi mtu anavyokufa Cabot Cove. Anaanguka nyuma ya mlango, au tunaona mkono tu ukining'inia kando ya kiti. Damu ni kidogo au haipo kabisa. Mara nyingi marehemu ni mtu aliyekuwa amegombana na kila mmoja, tajiri mchoyo au shangazi mwenye ulimi mkali, hata mtazamaji hana wa kumlilia. Hakuna turubai linalofungwa uani. Hakuna anayeleta unga na kuni, hakuna mama anayegaragara kwenye korido, hakuna anayeulizwa jeneza litalipwa na nani. Kipindi kinapofika mwisho Jessica anacheka na rafiki zake, na picha inasimama hapo hapo kwenye kicheko.

Muuguzi aliyeosha maiti na kuwafunga macho watoto wa watu anajua kwamba hicho si kifo. Ni kitendawili kilichovishwa nguo za kifo. Wala simlaumu mtunzi. Nadhani ndiyo sababu hasa watu wenye misiba yao halisi wanaipenda michezo hii. Nimewaona akina mama wanaouguza waume wenye kiharusi nyumbani, na wauguzi wenzangu waliotoka zamu ya usiku, wakiitazama kwa utulivu mkubwa huku wanachambua mchicha. Mtu aliyelia vya kutosha hana hamu ya kulia tena mbele ya televisheni. Anataka kitu cha kushughulisha akili bila kuugusa moyo, na anataka kukijua kitakwisha saa ngapi.

Basi kuhusu shinikizo, jibu langu ni hili. Mchezo wa namna hiyo, ambao mtu anajua tangu mwanzo kwamba utaisha vizuri, haumdhuru. Kinachomdhuru ni karanga zenye chumvi anazotafuna akitazama, na kukaa saa nne bila kuinuka, na kile "kimoja tena" kinachomfikisha saa sita za usiku. Mwanga wa kioo cha televisheni au simu usiku huchelewesha usingizi, na mwenye shinikizo anauhitaji usingizi kama anavyohitaji vidonge vyake. Vidonge vyenyewe vimezwe kwa saa ile ile kila siku, muuaji awe amepatikana au bado.

MAPADRE WALIOPENDA HADITHI ZA MAUAJI

Anayeona aibu kuipenda michezo hii ajue kwamba watu wa Kanisa walitangulia. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alianza kuandika hadithi za Father Brown mwaka 1910, kabla hajawa Mkatoliki. Ni padre mfupi, wa uso wa kawaida, mwenye mwavuli ambao kila mara unamponyoka. Chesterton mwenyewe alieleza jinsi alivyompata. Alikuwa na rafiki, Padre John O'Connor wa Yorkshire, na walipokuwa wakizungumza juu ya uovu fulani alishangaa kuona padre yule anaujua vizuri kuliko yeye. Baadaye vijana wawili wa chuo kikuu wakasema pembeni kwamba padre kama huyo hawezi kuyajua maovu ya dunia kwa sababu amejifungia kanisani. Chesterton alikaribia kucheka. Mtu anayeketi kitubioni miaka na miaka akisikiliza dhambi za watu, unadhani hajui? Padre O'Connor ndiye aliyempokea katika Kanisa Katoliki mwaka 1922. Tangu mwaka 2013 BBC imeonyesha hadithi za Father Brown katika televisheni, akiigizwa na Mark Williams, na mwaka 2022 ikaongezeka michezo ya Sister Boniface, sista mwanasayansi anayetengeneza mvinyo na kuchunguza vumbi na nywele kwa hadubini. Masista wa hospitali yetu wanampenda mno huyo.

Wamarekani nao walikuwa na Father Dowling, padre wa Chicago, kati ya mwaka 1989 na 1991. Aliyemwigiza ni Tom Bosley, yule yule aliyekuwa mkuu wa polisi wa Cabot Cove, kwa hiyo mtu aliyeshindwa kumkamata muuaji akiwa na bunduki alianza kumkamata akiwa na kola ya upadre.

Lakini anayenivutia zaidi ni Monsinyori Ronald Knox. Alikuwa mtoto wa askofu wa Kianglikana, akaingia Kanisa Katoliki mwaka 1917, akawa padre, na baadaye akaitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Mtu huyo huyo aliandika vitabu vya upelelezi, na mwaka 1929 akatoa kanuni kumi ambazo mtunzi wa hadithi hizo hana budi kuzishika ili asimdanganye msomaji. Moja inakataza kutumia sumu ambayo haijawahi kugunduliwa. Nyingine inasema mpelelezi mwenyewe asiwe ndiye mtenda kosa. Na kanuni ya pili inasema kwamba nguvu zisizo za kawaida hazina nafasi katika hadithi: hakuna mzimu, hakuna uchawi, hakuna ndoto inayomtaja muuaji.

Tukae kidogo juu ya kanuni hiyo ya pili. Aliyeiandika ni padre, mtu anayeamini miujiza na anayeadhimisha Misa kila siku. Hakuiandika kwa sababu ya kukosa imani. Nami naona inatufaa, kwa sababu kifo kina mlango walioingilia ugonjwa, ajali au mkono wa mtu, na kazi ya kutafuta mlango huo ni ya macho na akili tulizopewa na Mungu. Jessica akiikuta maiti hapigi ramli. Anatazama kikombe, anauliza nani aliketi wapi, anakumbuka kwamba saa ya ukutani ilikuwa imesimama.

BIBI ANAYETUHUMIWA

Liko jambo jingine ambalo mtazamaji huenda halitambui. Katika michezo hii karibu kila mara polisi anamkamata mtu asiyehusika mapema kabisa. Jessica ana mpwa wake, Grady, kijana mwema asiye na bahati, ambaye anatuhumiwa mara kwa mara. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bibi huyu ni kumtoa asiye na hatia, na muuaji anapatikana njiani. Ndivyo ilivyo pia kwa Miss Marple, bikizee wa kijiji cha St Mary Mead aliyetungwa na Agatha Christie. Joan Hickson alimwigiza katika BBC kati ya mwaka 1984 na 1992, akivipitia vitabu vyote 12 vinavyomhusu. Miss Marple anafuma sweta pembeni, watu wanazungumza mbele yake kana kwamba yeye ni kiti, naye anasikia kila kitu. Kwao, bikizee anayeishi peke yake na kuwatazama majirani dirishani ndiye anayeokoa watu.

Na kwetu? Wasomaji wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi, hasa Usukumani, bikizee anayeishi peke yake ndiye wa kwanza kutajwa mtoto wa jirani anapokufa ghafla. Wako waliokatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na ushahidi wote dhidi yao ulikuwa neno la mpiga ramli na macho yao kuwa mekundu. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao, lakini tangazo halifiki usiku kwenye nyumba ya mwisho ya kitongoji.

Niseme kama muuguzi juu ya macho mekundu, maana nimeyatibu kwa zaidi ya miaka 30. Mwanamke aliyepikia kuni, mabua na samadi kavu tangu akiwa binti, ndani ya jiko lisilo na dirisha, amevuta moshi huo kwa miaka hamsini. Macho yanakuwa mekundu na yanatoa machozi. Kifua nacho kinakohoa. Mwingine ana trakoma ya zamani: kope zimegeukia ndani na kila akipepesa zinakwaruza mboni. Mwingine ana ukavu wa macho wa uzee tu. Hayo ndiyo yanayoyafanya macho kuwa mekundu. Upasuaji mdogo wa kope unafanyika kwa muda mfupi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Na mtoto aliyekufa ghafla? Aliyeanza kwa homa, akashikwa na degedege, akazimia, huenda alikuwa na malaria iliyopanda ubongoni. Aliyepumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani, alikuwa na nimonia. Baba aliyeanguka bafuni alfajiri, mdomo ukapinda, amepata kiharusi, na pengine hakuwahi kupimwa shinikizo hata mara moja. Ukiuliza vizuri maswali ya Jessica, yaani alianza lini, alikula nini, nani alikuwapo, alikunywa dawa gani na zilitoka wapi, mara nyingi utaupata mlango ule ambao kifo kiliingilia.

KITABU KILICHOMWOKOA MTOTO

Sasa niwasimulie kisa kimoja ambacho wauguzi wanakisimulia mpaka leo.

Agatha Christie, mama aliyemtunga Miss Marple, alikuwa mwenzetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijitolea kuuguza majeruhi katika hospitali ya mji wake wa Torquay, kisha akahamishiwa chumba cha dawa, akasoma, akafanya mtihani. Humo ndimo alimojifunza sumu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1920, na mtu aliyeuawa humo aliuawa kwa sumu. Vita ya pili ilipokuja alirudi tena kwenye chumba cha dawa, safari hii katika hospitali moja ya London.

Mwaka 1961 alitoa kitabu kiitwacho "The Pale Horse". Mwaka 2010 kilifanywa mchezo wa televisheni na Miss Marple akaingizwa ndani yake, ingawa hayumo kitabuni. Anayetaka kukitazama bila kujua mwisho aruke aya hii. Padre mmoja anaitwa usiku kumwungamisha mwanamke anayekufa, na akiwa njiani kurudi anauawa. Ndani ya kiatu chake inakutwa orodha ya majina, na watu wa orodha hiyo wanakufa mmoja mmoja kwa magonjwa yanayoonekana ya kawaida. Katika kijiji fulani wako wanawake watatu wanaosemekana ni wachawi, na watu wanaamini kwamba wao ndio wanaoua kwa kufanya mambo yao usiku. Mwishowe inajulikana kwamba uchawi haukuwapo. Watu walikuwa wanapewa sumu iitwayo thaliamu ndani ya vitu vya kawaida vya nyumbani. Kilichoifichua ni jambo dogo sana: wagonjwa wote walikuwa wananyonyoka nywele.

Thaliamu ni sumu ya hila. Haina rangi wala ladha. Mgonjwa anaumwa tumbo, anatapika, miguu inachoma na kufa ganzi, anachanganyikiwa. Daktari anaweza kudhani ni ugonjwa wa neva au homa ya ubongo. Nywele huanza kutoka baada ya wiki mbili hivi. Zamani ilitumika sana kuulia panya na wadudu, na nchi nyingi zimeikataza.

Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 aliletwa kwa ndege kutoka Qatar hadi Hospitali ya Hammersmith, London. Alikuwa anapoteza fahamu, na madaktari walipima hiki na kile bila kujua tatizo. Muuguzi mmoja aliyekuwa akimhudumia alikuwa anasoma "The Pale Horse" wakati huo. Akaona nywele za mtoto zinatoka, akakumbuka kitabu, akawaambia madaktari: je, haiwezi kuwa thaliamu? Walipima, wakaikuta. Sumu ilitoka katika dawa ya kuulia mende na panya iliyotumiwa nyumbani kwao. Mtoto alitibiwa na hali yake ikawa nzuri. Madaktari walipoandika kisa hicho katika jarida lao la kitabibu walimshukuru Agatha Christie, ambaye alikuwa amefariki Januari 1976, na walimshukuru muuguzi huyo pia.

Mimi hapo sishangai sana kwamba kitabu cha hadithi kilikuwa sahihi, kwa kuwa mtunzi aliisomea kazi yake. Ninachokipenda ni kwamba muuguzi alisema, na kwamba madaktari walimsikiliza. Ziko wodi nyingi duniani ambako angejibiwa, "Dada, endelea kubadilisha mashuka."

SUMU ILIYOKO NYUMBANI KWAKO

Nyumba zetu zina sumu zaidi ya Cabot Cove nzima. Dawa ya kunyunyizia pamba au nyanya imemiminwa katika chupa ya soda na kuwekwa uvunguni. Sumu ya panya imechanganywa na dagaa na kuachwa pembeni ya ghala. Mafuta ya taa yako kwenye kikombe. Katika michezo ya televisheni sumu hutiwa na mrithi mwenye tamaa. Katika wodi ya watoto, mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya: mtoto aliona kiu, akaona soda.

Mtoto aliyekunywa dawa ya mimea, au iliyemwagikia ngozi yake, mara nyingi hutoa mate na jasho jingi, macho yanatiririka, anatapika na kuhara, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kifua kinakoroma kama kimejaa maji. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, hata kama bibi na babu walifanya hivyo. Aliyekunywa mafuta ya taa ndiye hasa asitapishwe, kwa sababu yakipita tena kooni yanaweza kuingia mapafuni. Aliyezimia alazwe ubavu. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa au kopo lenye lebo yake. Hapo ndipo ninapowaomba wote muwe Jessica Fletcher: chupa hiyo ndiyo ushahidi, na daktari akiiona anajua aanze na dawa gani. Wako wazazi wanaoificha kwa kuogopa kulaumiwa. Hatutawalaumu, tunataka kuisoma lebo.

MAITI KUCHUNGUZWA SI DHAMBI

Nimalizie na jambo linalotuletea ugomvi mlangoni mwa chumba cha maiti. Katika michezo hii, mtu akifa ghafla daktari anaitwa kuichunguza maiti, na hakuna anayeshangaa. Kwetu ndugu wanasimama mlangoni wakisema asipasuliwe, azikwe mzima, tayari tunajua aliyemuua. Wengine wanadhani Kanisa linakataza. Halikatazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2301, inaruhusu maiti ichunguzwe kwa ajili ya upelelezi wa kisheria au kwa utafiti wa kisayansi. Maiti inashonwa, inaoshwa, inavalishwa, na inapewa heshima zake zote za mazishi ya kikristo.

Kifo cha ghafla cha mtu aliyekuwa mzima, kifo kinachofuata ugomvi, au kinachodhaniwa ni cha sumu, kitolewe taarifa polisi kabla ya mazishi. Kikombe alichonywea kisioshwe, matapishi yasifagiliwe na kutupwa kabla hayajaonwa. Najua jinsi akina mama wanavyokimbilia kusafisha nyumba ya msiba, ni upendo, lakini ngojeni kwanza. Na mwanajumuiya anayejiona Jessica asianze kuzunguka nyumba kwa nyumba na majina ya watu. Jessica hataji jina kwenye foleni ya maji. Anashika kitu mkononi kwanza, kisha anamweleza polisi.

Daktari akishaandika kwamba marehemu alikuwa na kiharusi, au malaria ya ubongo, karatasi hiyo isibaki ndani ya bahasha. Isomwe wazi siku ya mazishi mbele ya ukoo wote, kabla jeneza halijashushwa, na ikiwezekana isomwe na mtu anayeheshimika, awe katekista au mwenyekiti wa jumuiya. Nimeshuhudia mara mbili ikisomwa hivyo. Mara zote mbili yule bibi wa nyumba ya mwisho alikuwapo makaburini, amejitanda kanga mpaka usoni, na watu wakampisha akaweka udongo wake kama wengine.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia macho ya wazee wetu: trakoma, mtoto wa jicho, na namna ya kujenga jiko lisilojaza moshi ndani ya nyumba. Maswali yenu mpelekeeni katibu wa jumuiya yenu, naye atayafikisha parokiani.